Kichuguu cha Mama

Watu wakitaka habari za Wajerumani, huniuliza kwanza habari za kiboko. Vijana hasa. Wanakaa mkao wa kusikiliza, wanataka niwaambie nilimwona nani akilazwa chini, kodi ilikusanywaje, ilikuwaje siku askari walipoingia zizini. Nawajibu, kwa sababu niliyaona. Lakini nikishawajibu donge langu linabaki pale pale kooni, maana Mjerumani ninayemchukia kuliko wote hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Alikuwa na wavu wa kitambaa chepesi, chupa na pini. Alikuja kwetu kutafuta wadudu.

Nimeambiwa kanisani kwamba kuchukia ni dhambi. Nimesikia, wala si kiziwi. Nilibatizwa nikiwa mtu mzima, na misheni ndiko nilikojifunza kusoma na kuandika, kwa hiyo nina deni kwa watu wa dini na silikatai. Kila Kwaresima najaribu kumsamehe yule bwana. Mvua ya kwanza ikinyesha na kumbikumbi wakaruka, msamaha wote unakwenda na maji. Basi nayaandika yalivyokuwa, nimechoka kuyatafuna peke yangu.

Tulikaa Ihumwa, reli ilikuwa haijafika. Waliopima njia yake walikuwa wamekwisha kupita na vigingi vyao, na watoto waling'oa baadhi wakachezea. Nyumba yetu ilikuwa tembe la upande mmoja tu, kwa sababu pande nyingine zilibomoka na hapakuwa na mwanamume wa kuzijenga upya. Baba alikuwa ameondoka na msafara akiwa mpagazi, na hatukuletewa habari yake, ya kifo wala ya uzima. Tulibaki watatu. Mama, mimi, mwari niliyengoja kuolewa, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ndio kwanza anang'oka meno ya utoto. Alikuwa na maneno mengi kuliko mwili wake. Usiku alinilalia mguu mpaka unakufa ganzi, nami nilimfokea kila asubuhi.

Ng'ombe hatukuwa nao tena. Hata wale wa mahari yangu waliletwa wakafa kwa maradhi mle mle zizini kwetu, wote. Kwa hesabu za ukoo, basi, mimi nilikwisha kuwa mtu wa nyumba nyingine, nangoja tu siku ya kupelekwa. Hilo litaeleza baadaye kwa nini haikuwa mimi.

Tulichobakiwa nacho ni kichuguu. Kilikuwa nyuma ya shamba letu, kirefu kupita mtu aliyenyoosha mkono juu, na mama alikirithi kwa mama yake kama wengine wanavyorithi mifugo. Nyika yetu ina vichuguu vingi, lakini kila kichuguu kilicho hai karibu na makazi kilikuwa na mwenyewe, na watu waliheshimu jambo hilo kuliko wanavyoheshimu mipaka ya viwanja siku hizi. Mvua za kwanza zikipiga ardhi, mchwa wenye mabawa, ndio kumbikumbi, hutoka kwa wingi usioelezeka. Mwenye kichuguu hujenga kichanja cha fito juu ya matundu, hukifunika kwa majani na ngozi, huacha upenyo mmoja wa mwanga, na chini ya upenyo huchimba shimo na kuweka chungu. Kumbikumbi hufuata mwanga, wakaangukia chunguni. Tuliwapepeta mabawa kwa ungo, tukawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, tukawaanika. Wakikauka vizuri hukaa muda mrefu, na mwenye mtama wa ziada alikuwa tayari kukupa mtama ukimpa kumbikumbi. Na wanakuja wakati gani? Wakati ghala ni tupu, mlenda haujachipua, na shamba linadai nguvu za mtu aliyeshiba. Hakuna chakula kilichokuwa na adabu ya kuja kwa wakati kama kile.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze, maana hapo ndipo tulipokatwa. Katika ukoo wa mama, tangu kiangazi kinapoanza mpaka kumbikumbi waruke, mwenye kichuguu hakitaji kuwa ni chake. Ilikuwa mwiko. Kumbikumbi wakisikia wanamilikiwa kabla hawajatoka, watageukia chini, ndivyo tulivyofundishwa. Kwa hiyo mtu akipita akakuuliza, hata kwa utani, "Kichuguu chako kina hali gani mwaka huu?" wewe unajibu, "Kichuguu gani? Huo ni udongo tu." Naye anacheka, anakwenda zake, kwa sababu anajua vizuri sana ni chako na anajua mama yako alikuwa nacho na bibi yako kabla yake. Haukuwa uongo, maana hapakuwa na mtu wa kudanganyika.

Mwaka ule mtama ulinyaukia shambani ukiwa umefika magotini. Kilindo chetu, lile pipa la gome tulilohifadhia nafaka, kilianza kutoa mwangwi mapema. Nyumba nyingine zilikwisha kufanya lile jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyependa kulitaja: kumweka mtoto. Mtoto anapelekwa kwenye nyumba yenye nafaka, anakaa huko, anafanya kazi na kula, nanyi mnapewa mtama wa kuvukia. Mkivuna mnarudisha mtama, mnamchukua mtoto wenu. Jirani yetu wa upande wa magharibi alikwisha kumpeleka wake. Mama alirudi kutoka kumpa pole, akakaa mlangoni, akasema bila kuulizwa, "Wangu hendi popote. Tukifika kwenye kumbikumbi, tumevuka." Alimtazama mdogo wangu wakati anasema hivyo. Tangu siku hiyo, kila alipotoka nje asubuhi alitazama mawingu kwanza, halafu kichuguu.

Ndipo yule bwana alipokuja.

Alipiga hema karibu na korongo la mchanga tulikochimbia maji. Alikuwa na wapagazi wachache na mkalimani mmoja, mtu wa pwani kwa asili, mwenye kanzu safi isiyoelekea vumbi letu, aliyekuwa amehamia kituo cha misafara na kuoa huko binti wa Kigogo. Kigogo alikisema kama sisi. Alikula ilende, ndio mlenda wetu, kwa mkono bila kuguna, na kwa hilo watu walimpenda. Nami nilimpenda. Nasema hivyo ili mjue ninavyojisikia nikimkumbuka.

Bwana mwenyewe alikuwa mpole. Mpole! Nalisema neno hili nikisaga meno. Angekuwa mkali tungemficha mambo, tungekimbia porini kama tulivyowakimbia wengine. Huyu alikuwa anapiga magoti vumbini kutazama mavi ya punda, ili kuwaona mende wanaoyaviringisha. Alikimbia na wavu wake nyuma ya kipepeo mpaka kofia ikaanguka, na watu wazima wakacheka mbele yake naye akacheka nao. Aliyemletea mdudu alipewa chumvi. Watu walimletea panzi, vunjajungu, nge, mpaka kunguni, na yeye aliwashukuru wote kwa uso ule ule. Tulimwita Bwana Wadudu. Wengine walidhani anawala.

Siku moja alifika mpaka kwetu na mkalimani wake, akakizunguka kichuguu cha mama mara nyingi, akakipapasa kwa kiganja kama mnunuzi anavyompapasa ng'ombe. Kisha akabandua kipande kidogo ubavuni kwa kisu, akachokoa, na akatoa kitu kwa ncha ya unyoya. Akamwita mdogo wangu aje atazame kwa kioo chake cha kukuza. Mdogo wangu alitazama, akapiga ukelele, akarudi kutazama tena.

Kilikuwa kidudu kidogo cha jamii ya mende, chenye tumbo lililovimba na kukunjamana, kinatembea katikati ya mchwa. Bwana alieleza, mkalimani akatafsiri, na bwana alieleza kwa furaha nyingi hivi kwamba mkalimani alikuwa anakimbizana naye. Alisema huyu si mchwa. Ni mgeni. Wahenga wake wa zamani sana, kabla ya watu, waliingia katika nyumba za mchwa, na kizazi baada ya kizazi wale waliofanana kidogo na wenyeji ndio waliopona na kuzaa, mpaka leo wamekuwa na umbo la mchwa na harufu ya mchwa. Mchwa hawana macho. Humgusa kwa papasio, hunusa, wakaona ni mwenzao, wakamlisha mdomoni kama mtoto wao. Kila aina ya mchwa ina wageni wake, alisema, na wa nyika hii hakuna aliyekwisha kuwajua.

Mama alisikiliza. Alikuwa mtu wa kupenda kujua mambo, na siku zote nitasema hivyo. Akamuuliza mkalimani, "Na huyo mgeni, yeye huwapa nini wenyeji wake?"

Bwana alipotafsiriwa alicheka sana. Akajibu kwamba hilo ndilo swali lenyewe. Huenda mdudu hutoa jasho tamu, nao hulilamba, lakini lazima uwatazame wengi, tena lazima ufike ndani kabisa, kwenye chumba cha malkia, maana huko ndiko wageni wa ajabu wanakokaa. Halafu akasema kitu kwa mkalimani, kwa sauti ya adabu, akikionyesha kichuguu.

"Mama," akasema mkalimani kwa Kigogo, "bwana anauliza, kichuguu hiki kina mwenyewe?"

Nakumbuka upepo uliokuwa unavuma na kuku aliyekuwa anachakura. Mama akasema, "Kichuguu gani? Huo ni udongo tu."

"Hakina mwenyewe?"

"Udongo una mwenyewe?"

Na mkalimani akamgeukia bwana akamwambia. Sikujua Kijerumani, lakini nilimwona bwana akitabasamu na kutikisa kichwa kwa shukrani. Nami nilitabasamu. Nilidhani mkalimani amemweleza. Mke wake ni wa kwetu! Ni mwanamume aliyekwisha kukaa misimu mingapi kati yetu, akala kumbikumbi wetu kwa ugali, akasikia jibu lile lile kwa wakwe zake kila kiangazi. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyejua lugha zote mbili na mwiko wetu pia, ni yeye. Alitafsiri maneno, akaiacha maana chini kama ganda.

Kesho yake mama na mimi tulikwenda korongoni kuteka maji. Kiangazi kile ulichimba mchanga mpaka kifuani, ukangoja maji yajikusanye kwa uvivu wake, kwa hiyo tulikawia. Tuliporudi tuliona vumbi nyuma ya shamba. Mama alisema, "Kimbunga." Tulipokaribia tulisikia sururu.

Wapagazi walikuwa wamekichimba kuanzia juu mpaka chini ya usawa wa ardhi. Nusu ya kichuguu ilikuwa imelala chini mabonge mabonge. Bustani zile za mchwa, zilizo kama sifongo la kijivu, ambazo bwana alisema wanaoteshea uyoga wa kula, zilitapakaa juani zikikauka. Kumbikumbi, wale wale waliokuwa wamekwisha kuota mabawa na kungoja mvua, walikuwa wanatambaa juu ya udongo kwa mafungu, mabawa yao meupe yamejaa vumbi, hawana pa kwenda. Kuku wetu wawili walikuwa wanashiba kuliko walivyowahi kushiba. Na bwana alikuwa amekaa katikati ya yote, mikono myekundu kwa udongo, ameshika chupa ya spiriti juani ili aone vizuri. Ndani yake alielea malkia, mweupe, mnene kama kidole gumba cha mwanamume, bado anajikunjakunja.

Alipotuona aliinuka. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mtoto. Mkalimani akatuambia kwamba bwana amepata wageni wa aina ambayo Ulaya nzima hawaijui, na mmoja wao atampa jina la mke wake.

Mama aliutua mtungi wake taratibu. Nilidhani atalia. Badala yake alisema lile neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake wakati wa kiangazi, akalisema kwa sauti iliyofika makorongoni. "Ni changu! Kichuguu hiki ni changu! Ni cha mama yangu!"

Mkalimani alitafsiri. Uso wa bwana ulibadilika, nakiri, hakufurahi. Akauliza, na mkalimani akauliza kwa niaba yake, "Mbona jana ulisema hakina mwenyewe?"

Mama alimgeukia mkalimani. "Wewe unaniuliza hivyo? Wewe?"

Yule mtu alitazama viatu vyake. "Mama, mimi nilisema ulichosema wewe. Kazi yangu ni maneno."

"Na mkeo nyumbani hukwambia nini kiangazi?"

"Mama, ningejuaje kwamba na wewe una mwiko huo? Ulipaswa kusema wazi. Mzungu anataka jambo wazi."

Hasira niliyoiona usoni mwa mama siku ile ndiyo hii niliyo nayo. Sikuitengeneza, niliirithi. Bwana aliamuru tuletewe doti ya kaniki na mfuko wa chumvi. Halafu akasema jambo la kutufariji, na ndilo ninalomkumbuka nalo kuliko yote. Alisema tusihuzunike mno, kwa sababu vichuguu ni vingi, nyika nzima imejaa. Aliinyooshea mkono nyika yetu, kuanzia upande wa Nzuguni mpaka kwenye vilima, kama mtu anayetugawia. Na kwa macho yake alikuwa anasema kweli. Yeye alikuwa anaona aina ya mchwa. Aina ile ilikuwa bado ipo tele. Kilichokufa kilikuwa cha mama tu, na hicho hakikuwa kitu cha kuandikwa.

Mama aliichukua chumvi kwa sababu chumvi ni chumvi. Kaniki aliiacha pale pale juu ya udongo mpaka mpagazi mmoja akaiokota.

Walipoondoka tulijaribu kukifunika. Tulirudisha mabonge, tukasiliba kwa maji yale tuliyoyateka kwa taabu, mdogo wangu akibeba udongo kwa ungo na kuwahimiza mchwa kwa maneno yake mengi kwamba wajenge haraka. Na kweli walianza kujenga. Tuliona mdomoni mwa nyufa udongo mbichi, tukafurahi kama wajinga. Kisha sungusungu wakaja, wale weusi wenye kuuma, wakiwa kwenye mistari yao, wakaingia mahali tusipoweza kuziba na kutoka kila mmoja amebeba mchwa. Kichuguu kizima kina askari wake wa kuwazuia mlangoni. Hiki kilikuwa milango pande zote. Bwana alipata habari hiyo, akaja tena. Mnajua alifanya nini? Alichuchumaa pembeni ya mstari wa sungusungu akawachora. Aliwafuata mpaka shimoni kwao. Mama alikuwa anamwaga majivu juu ya mstari, naye akamwomba, kupitia kwa mkalimani, kwa adabu zake zote, amwachie kidogo aone wanavyogawana mzigo.

Mvua ilikuja siku chache baadaye. Ilipiga alasiri, jua likatoka tena jekundu, na kila upande wa Ihumwa kumbikumbi wakapanda juu kama moshi. Tulisikia vigelegele vya nyumba nyingine. Mama alikuwa amejenga kichanja chake kama kila mwaka na kuweka chungu. Tulikaa watatu mbele yake mpaka jua likazama. Mdogo wangu alianza kugonga udongo kwa vijiti, kama tulivyofanya kuwahimiza watoke, na mama akamwacha agonge, na mimi nikataka kupiga kelele. Hakutoka hata mmoja.

Majirani walituletea. Siwezi kuwasema vibaya, kila nyumba ilitoa konzi au kibakuli, lakini mwaka ule kila nyumba ilikuwa na vinywa vyake. Tuliwala, wakaisha. Mama alianza kupanda shamba akiwa na njaa, na siku moja nikamkuta amelala ubavu kwenye tuta, amekumbatia jembe, hawezi kuinuka.

Siku ile ile, au iliyofuata, mkalimani alikuja. Alikuja peke yake, na gunia la mtama mgongoni mwa punda. Sijui mpaka leo alikuja kwa huruma, au kwa kusutwa na roho, au kwa sababu mke wake alikuwa anataka mtoto wa kumsaidia kazi. Huenda ni yote. Alisema nyumbani kwake kituoni kuna chakula, mke wake ni wa kwetu, mtoto hatapoteza lugha. Mkivuna, njoo na mtama wako, umchukue mwanao. Alisema, "Mama, mimi si mtu mbaya."

Mama akasema, "Sijakuuliza."

Kisha akaingia ndani kumpaka mdogo wangu mafuta. Aliyompaka ni mafuta ya mwisho ya samli, yale tuliyokuwa tunayahifadhi kwa ajili ya harusi yangu. Nilisema, "Nipelekeni mimi." Mama alinijibu bila kunitazama kwamba mimi nimekwisha kuolewa na ng'ombe waliokufa, na wenye ng'ombe hawatakubali nikakae kwa mtu mwingine. Mdogo wangu alipandishwa juu ya punda. Alifurahi, hakuwahi kupanda punda. Alikuwa anamuuliza mkalimani kama bwana atampa tena kile kioo atazame.

Nitasema mwisho wake sasa nisiwazungushe: hatukumpata. Tulivuna, mvua zilikuwa nzuri, mtama ulijaa mpaka ukakosa pa kuweka, na mtoto hatukumpata. Bwana Wadudu alikuwa amehamia kwingine na wavu wake, na mkalimani akafuata kazi yake pamoja na nyumba yake yote. Pale kituoni mmoja alisema wamekwenda upande wa Kolo, mwingine akasema bara, Tabora. Mimi mwenyewe, nikiwa na watoto wangu tayari, nilifika Kolo kwa miguu, nikauliza nyumba kwa nyumba habari za msichana mwenye maneno mengi. Watu walinipa maji. Siku hizi nikisikia kwamba vitu vya wataalamu wale vimetunzwa vizuri huko kwao, kila mdudu na pini yake na mahali alipookotwa, najiuliza ni nani aliyewahi kuandika mahali alipopelekwa mdogo wangu. Mwanamke mzee mwenye haki ya kutukana, hapo ndipo anapotukana.

Lakini donge langu halikai Kolo wala Ulaya. Linakaa uani kwetu, jioni ile mama alipokwenda kumchukua.

Aliondoka alfajiri na kapu la mtama, amelijaza mpaka juu, akaongeza na mwingine juu yake ili asije akaambiwa umepungua. Alikataa niende naye. Alitaka nyumba ikutwe na moto. Nilifagia. Nilitwanga unga mpya, nikapika mlenda, nikaitandika ngozi yetu ya kulalia upande ule aliokuwa anaupenda yeye. Nilijiambia kwamba safari hii akinilalia mguu sitamfokea. Jua lilipoanza kulegea nilitoka kutazama njia, nikamwona mama anakuja, na kapu lile liko kichwani.

Nilidhani amebebeshwa kitu kingine. Nilidhani mdogo wangu anajificha nyuma yake, maana huo ulikuwa mchezo wake, nikaanza kucheka na kumwita atoke. Mama alizidi kukaribia, na njia nyuma yake ilikuwa nyeupe, tupu. Nikamkimbilia kumtua, kama mtoto anavyomtua mama yake akitoka safari. Nilinyoosha mikono yote miwili kwenye kapu.

Akarudi nyuma hatua moja. "Usiushushe," akasema. "Nikiutua nitakuwa nimerudi."

Akasimama pale uani, shingo inatetemeka, na mtama wote ukiwa kichwani, mpaka giza likaingia.